SOMO: Unataka kuanza udijei hapa Tanga na mfukoni hamna kitu? Anzia hapa

Wakuu salam. Vijana wengi wananisimamisha pale Ngamiani, "kaka na mi nataka kupiga diski, ninunue mashine gani", nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo naandika mara moja. Mi sio dijei mkubwa, wikiendi napiga harusi, vigodoro na mara moja moja klabu, ila makosa nimeyafanya mengi na hayo ndo nawapa bure. Swali la mashine liweke pembeni kwanza.

HATUA YA 1: jua kuhesabu
Chukua simu na hedifoni, weka bongo fleva yoyote, gonga mguu, moja mbili tatu nne, alafu rudi moja. Ukirudia mara nne umepata biti 16, mara nane ni 32. Sasa sikiliza: besi inaingia, ngoma inakata, msanii anaanza kuimba, karibu kila mara inatokea kwenye ile moja ya hesabu mpya. Hapo ndo mlango wa kuingizia wimbo wa pili. Mi nlifanya hivi mwezi mzima kwenye daladala ya Pongwe, konda akawa ananiangalia kama nna mashetani maana mguu hautulii. Ukiingiza wimbo katikati ya hesabu, hata kama spidi zinalingana, watu wanajikwaa, hawajui kwanini ila utaona wanaangaliana.

HATUA YA 2: spidi
Spidi inapimwa kwa biti kwa dakika, wenyewe tunaita bpm. Bongo fleva nyingi ziko 90 mpaka 110, amapiano inazunguka 112 hivi, house 120 na kitu, singeli ni 200 kwenda mbele. Wengi wanaogopa kutoka bongo fleva kwenda singeli, wanasimamisha mziki, wanapiga honi, wanamuachia MC apige kelele ndo waweke singeli. Haina haja. Singeli ya 210 ukigonga mguu nusu nusu unapata 105. Kwaiyo bongo fleva yako ya 100 unaipandisha taratibu mpaka 105, ni asilimia 5 tu, ifanye kwa dakika nzima hakuna atakayestuka, alafu kwenye moja unaachia singeli. Nlifanya hivyo Makorora usiku mmoja, kuna mama alikuwa anacheza kistaarabu kabisa kashika sahani ya pilau, miguu ikaanza kukimbia kabla hajajua nini kimetokea, sahani akampa mtoto na khanga akajifunga upya.

HATUA YA 3: sasa ndo vifaa
Laptopu yoyote inayowaka. Pakua Mixxx, programu ya kuchanganyia nyimbo, ni bure moja kwa moja, au VirtualDJ ambayo ni bure kwa kujifunzia nyumbani. Kibodi na mausi vinatosha miezi miwili mitatu. Ukiona bado una hamu ndo utafute kontrola ya chaneli mbili, yaani ile mashine ya vinobu unayochomeka kwenye laptopu, mfano DDJ-FLX4 inakubali programu za rekordbox na Serato. Ukinunua ya mkononi usitoe hela kabla hujaichomeka kwenye spika, zungusha kila kinobu, sukuma kila fada (kile kitufe cha kuteleza), ikikwaruza teremsha bei au ondoka. Hedifoni ziwe za kufunika sikio.

Kitufe cha sinki kipo, kile kinacholinganisha spidi za nyimbo mbili chenyewe, kitumie sio dhambi, ila programu inakosea. Taarabu na dansi la zamani mpigaji ngoma ni binadamu, spidi inapanda inashuka, mashine inachanganyikiwa. Hapo kama uliruka hatua ya 1 umekwisha.

HATUA YA 4: nyimbo
Tafuta faili za 320 kbps, yaani MP3 za ubora wa juu, zile za kunyofoa kwenye video zinasikika poa kwenye simu ila kwenye spika kubwa ni makopo matupu. Panga mafolda kwa shughuli: kuingia maharusi, chakula, kufungua mziki, rusha roho, singeli, wazee. Hilo la wazee usilidharau, huu ni mji wa Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na taarabu ya Black Star, kuna mzee lazima atakuja na elfu tano yake mkononi. Fleshi ya akiba iwe mfukoni.

HATUA YA 5: besi moja tu
Besi mbili zikigongana ukumbi unakuwa matope. Wimbo unaoingia ukate besi kabisa, uache usikike sauti za juu tu, ikifika moja unashusha besi ya zamani na kupandisha mpya kwa pamoja. Taa nyekundu zikiwaka punguza, nyekundu haiongezi sauti, inaharibu tu.

HATUA YA 6: umeme
Amplifaya iwashwe ya mwisho na izimwe ya kwanza. Umeme ulikatika Mikanjuni nikaacha kila kitu kimewashwa na sauti iko juu, nikaenda zangu kunywa maji, uliporudi ikalia PU! twita mbili (spika ndogo za sauti za juu) zikafa hapo hapo, hela yote ya shughuli nikamlipa mwenye spika.

MASWALI

Mdau wa Muheza: Kaka sina laptopu, simu haifai?
Jibu: Kujifunza inafaa. Kuna aplikesheni zinagawa sauti, upande mmoja unaenda spika upande mwingine hedifoni, unahitaji waya wa kugawa. Ila shughulini usithubutu, shemeji yako akipiga simu ukumbi mzima utasikia.

Dada wa Sahare: Na sisi wasichana? Nyumbani wanasema ni uhuni.
Jibu: Dada yangu we ndo una soko kuliko mi. Singo na kitchen party wanawake wanataka kucheza bila mwanaume kukodoa macho, mi nishawahi kuwekwa nyuma ya pazia nipige bila kuona kitu. Anza na shughuli za ndugu, mama mwenyewe akiwepo, maneno yataisha.

Mdau wa Pangani: Bei?
Jibu: Mbili tatu za kwanza piga kwa nauli na chakula. Baada ya hapo nusu mkononi kabla hujapakia vyombo, hata kama ni binamu. Hasa kama ni binamu.

Mdau wa Chuda: Vibali je?
Jibu: Kibali cha shughuli ni cha mwenye shughuli, aanzie serikali ya mtaa. We ukianza kuifanya kazi nenda kajisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na mambo ya hakimiliki waulize COSOTA.

Mdau wa Muheza tena: Taarabu zingine zinafika dakika kumi na kitu, naruhusiwa kukata?
Jibu: Kata, ila kwanza nyanyua macho uangalie ukumbi. Mi nlikata wakati kuna mama kasimama katikati na noti zake kazipanga kama feni, anamwendea mwali kwa madaha, bado hatua nne hivi amfikie. Akasimama. Akageuka akaniangalia. Niliurudisha wimbo toka mwanzo na yeye akarudi mpaka mlangoni akaanza kutembea upya.