Nukta nyekundu kwenye picha za usiku: jaribu haya kabla ya kwenda kwa fundi

Umepiga taa za magari pale Thika Road kwa sekunde 30, picha imetoka vizuri, lakini ukiikuza kwenye kompyuta unakuta anga limejaa nukta nyekundu na buluu. Usiikimbize kamera mjini kwa fundi bado.

Kwanza ujue unatibu nini. Zima kipunguza chengachenga (zile punje za rangi zinazotapakaa kwenye picha za giza), chagua RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalirekebisha, funika lenzi, kisha upige picha mbili za giza: moja ISO 100 (ISO ni kiwango cha wepesi wa kamera kwa mwanga) kwa 1/60 ya sekunde, nyingine ISO 800 kwa sekunde 30. Nukta iliyo palepale kwenye zote mbili ni pikseli (kijinukta kimoja kinachopokea mwanga ndani ya kamera) iliyokwama. Inayojitokeza kwenye ile ya sekunde 30 peke yake ni pikseli moto, yaani inayovuja umeme kupita kiasi. Chengachenga zinazohamahama kila picha ni za kawaida kwa sensa yoyote, yaani kile kibapa chenye pikseli ndani ya kamera. Dawa yake ni mwanga zaidi. Na doa la kijivu lenye ukungu, linaloonekana ukipiga mawingu kwa f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), hilo ni vumbi.

Pili, iache kamera izirekodi pikseli mbovu. Kamera za Olympus zina Pixel Mapping kwenye menyu. Kwa Canon EOS nyingi, jaza betri, funika lenzi, chagua kusafisha sensa kwa mkono, subiri nusu dakika, zima. Pikseli yenyewe haiponi. Kamera huijaza kwa rangi ya jirani zake.

Hatua ya tatu ndiyo ninayomsisitizia kila mpiga picha wa usiku: piga picha za giza palepale ulipo. Umeme unaovuja kwenye sensa huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo picha ya giza ya sebuleni haitalingana na ya barabarani usiku wa Julai. Ukimaliza kazi, kabla hujaishusha kamera kwenye tripodi, funika lenzi upige nne au tano, ISO ileile, sekunde zilezile. Kamera inaweza kukufanyia hivyo yenyewe, ila itakusubirisha sekunde 30 nyingine baada ya kila picha, na mistari ya taa unayotaka kuunganisha kutoka picha kadhaa itakatikakatika.

Nyumbani fungua RawTherapee, programu ya bure. Kwenye sehemu ya RAW ipe picha zile za giza, nayo itaziondoa nukta. Zikibaki chache, washa kichujio cha pikseli moto hapohapo.

Mstari mzima ulionyooka juu hadi chini, usiofutika hata baada ya haya, huo ndio wa fundi. Kama waranti haijaisha, anza na aliyekuuzia.