Jinsi ya kunasa dhana iliyofichwa kwenye maswali ya LSAT

Mdogo wangu anaomba nafasi kwenye vyuo vya sheria Marekani, kwa hiyo siku hizi tunashinda na maswali ya LSAT, mtihani wa kuingia vyuo hivyo, mezani. Tangu Agosti 2024 mtihani huo hauna tena sehemu ya michezo ya mantiki. Sehemu zinazohesabiwa alama ni tatu, mbili za kupima hoja na moja ya ufahamu, kila moja dakika 35. Ukiwa dhaifu kwenye hoja, hakuna pa kufidia. Na kati ya maswali ya hoja, yanayowaangusha watu wenye akili zao ni yale ya dhana isiyotajwa, yaani jambo ambalo mtoa hoja amelichukulia kuwa kweli bila kulisema.

Hatua ya 1: Anza na swali, siyo kifungu

Swali huja chini ya kifungu. Lisome kwanza. Wako walimu wanaokataza, lakini mimi nashikilia hapo: ukijua unachotafuta, unasoma kifungu mara moja tu.

Swali likiuliza hoja inategemea nini au inahitaji nini, linataka dhana ya lazima, ile ambayo bila yake hoja haisimami. Likiuliza ni kauli gani ikikubaliwa itafanya hitimisho lifuate bila shaka, linataka dhana toshelezi. Usiyachanganye, maana njia ya kuyajibu si moja.

Hatua ya 2: Tenga hitimisho na sababu zake

Nini kinadaiwa, na nini kimeletwa kukitetea? Endelea.

Hatua ya 3: Tafuta kilichozuka kwenye hitimisho

Chukua mfano huu niliomtungia mdogo wangu:

"Mwaka jana halmashauri iliweka mizani mpya sokoni. Tangu hapo, malalamiko ya wateja kuhusu kupunjwa yamepungua kwa nusu. Kwa hiyo wauzaji wa soko hilo wanapunja wateja mara chache kuliko zamani."

Sababu inazungumzia malalamiko. Hitimisho linazungumzia kupunja. Mtoa hoja ameruka kutoka la kwanza hadi la pili kana kwamba ni jambo moja, na dhana imelala katikati hapo. Iandike kwa maneno yako, kwa penseli, kabla hujatazama majibu. Waliotunga majibu wanajua utavutiwa na nini, na ukiyafikia mikono mitupu watakupeleka wanakotaka wao.

Hatua ya 4: Kanusha jibu, kisha uirudie hoja

Kwa dhana ya lazima, hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua jibu, likanushe, kisha ulirudishe kwenye hoja. Hoja ikianguka, jibu ndilo. Ikibaki imesimama, siyo. Kusema ni rahisi. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kukanusha, na hapo jioni nzima inaweza kupotea huku unabishana na jibu lililo sahihi.

LSAT hutoa majibu matano. Hapa tutumie matatu:

A. Mizani mpya ni sahihi zaidi kuliko ya zamani.
B. Wateja wote waliopunjwa zamani walilalamika.
C. Wateja kukata tamaa ya kusikilizwa siyo sababu pekee ya malalamiko kupungua.

Kanusha A: mizani mpya si sahihi zaidi. Sawa, pengine hata ya zamani ilikuwa sahihi na kasoro ilikuwa kwenye mkono wa muuzaji, ambaye sasa anaogopa kukaguliwa. Hitimisho linasema kupunja kumepungua. Halikusema kumepunguzwa na mizani. A itoke.

B ndiyo mtego. Wengi huikanusha hivi: "Hakuna mteja aliyepunjwa aliyelalamika." Hoja inatikisika, wanachagua B, wanakosa. Kinyume cha "wote" siyo "hakuna". Ni "si wote", yaani yupo angalau mmoja ambaye hakulalamika. Sasa irudishe: mteja mmoja alipunjwa akanyamaza. Hoja imeumia wapi? Hakuna. B itoke.

Dawa yake ni kuanza na maneno "Si kweli kwamba…" kisha kujiuliza ni kiasi gani kidogo kinachotosha kuifanya kauli iwe ya uongo. "Baadhi" ikikanushwa inakuwa "hakuna hata mmoja". "Walio wengi" inakuwa "nusu au chini ya nusu". "Kamwe" inakuwa "angalau mara moja". "Lazima" inakuwa "si lazima", wala siyo "haiwezekani". Kauli ya "ikiwa mvua itanyesha, mechi itaahirishwa" haikanushwi kwa kusema mvua isiponyesha mechi itachezwa. Inakanushwa kwa kusema mvua inaweza kunyesha na mechi ikachezwa. Na kitu kisicho cha moto si lazima kiwe baridi.

Kanusha C: wateja kukata tamaa ndiyo sababu pekee ya malalamiko kupungua. Basi malalamiko hayatuambii chochote kuhusu wauzaji. Hoja imeanguka, jibu ni C.

Angalia vizuri maana ya kuanguka. Huenda bado ni kweli kwamba kupunja kumepungua. Hatukuthibitisha kwamba hitimisho ni la uongo. Tumeonyesha kwamba sababu iliyotolewa haiwezi tena kulibeba. Hilo linatosha. Ukidai zaidi, utakataa majibu sahihi.

Usikanushe majibu yote matano. Maswali ni kama 25 kwa dakika 35, kwa hiyo yaondoe yaliyo nje ya mada, halafu ukanushe mawili yaliyobaki.

Hatua ya 5: Swali likitaka dhana toshelezi, weka kipimo hicho kando

Hapa jibu kali ndilo zuri. "Popote malalamiko yanapopungua, kupunja nako kumepungua" linafunga hoja yetu kabisa. Ukilikanusha, unapata kwamba kuna mahali fulani malalamiko yalipungua na kupunja kukabaki palepale. Pengine ni soko jingine, hoja yetu haijaguswa. Kwa hiyo ni dhana toshelezi ila si ya lazima. Badala ya kukanusha, liongeze kwenye sababu uone kama hitimisho linafuata bila kubakiza mwanya.

Kwa wanaofanya Watson-Glaser

Huu ni mtihani wa kupima fikra makini, hupendwa na kampuni za mawakili Uingereza, na kutambua dhana ni moja ya sehemu zake tano. Hapo huchagui jibu moja kati ya mengi: kila dhana inapimwa peke yake, imechukuliwa au haikuchukuliwa, na chini ya kauli moja zinaweza kuwa zaidi ya moja au isiwepo hata moja. Kukanusha kunafanya kazi vilevile.

Kwa mazoezi, fungua akaunti ya bure ya LawHub, ya wenye mtihani wa LSAT, utumie mitihani yao halisi. Maswali ya kubuni kwenye programu za simu yaache. Mengi yana majibu mawili yanayoweza kutetewa, na yatakuharibia kipimo. Anza bila saa. Washa saa siku utakapoweza kukanusha "walio wengi" bila kusita.