Matuta ya muhogo yanayoshuka mlima ndiyo yanayoleta mafuriko bondeni

Masika yakikaribia narudia maneno haya haya, na kila mwaka naikuta milima ya Pemba imepigwa matuta ya muhogo kutoka juu moja kwa moja hadi bondeni. Hoja yenu ni kwamba maji yakipata njia muhogo hauozi. Kweli hauozi: unang'oka na tuta lake, na udongo unakwenda kufukia mpunga wa jirani.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Kwenye ekari moja, hizo ni zaidi ya lita 200,000. Mvua ya radi haingoji saa 24, nawe umeshayachimbia maji njia.

Matuta yakate mteremko, tena usipime kwa jicho. Tuta likiinama mahali pamoja tu, maji hukusanyika hapo na kulipasua, na ya chini yake hufuata. Tengeneza fremu ya A, kipimo cha usawa chenye umbo la herufi hiyo: miti miwili ya mita 2, miguu ipanuke mita 2, kijiti cha kukingama katikati. Ning'iniza jiwe kwa uzi, lipite kijiti kwa sentimita 20. Tia alama uzi unapogusa kijiti, geuza miguu ibadilishane nafasi pale pale, tia alama ya pili. Usawa uko katikati ya alama hizo mbili. Wengi wenu huweka moja mkaanza kupima. Huko ni kujidanganya mchana kweupe. Kisha tembeza fremu ukikata mteremko; kila uzi unapotulia kwenye alama hiyo ya katikati, piga kigingi penye miguu, na tuta lifuate vigingi.

Tuta liwe na kimo cha sentimita 30. Ndani ya mfereji ulio kati ya matuta weka kizuizi cha udongo kila mita 2, kimo sentimita 20. Si 30! Kikilingana na tuta, maji yaliyozidi yataruka tuta badala ya kupita juu ya kizuizi.

Pimeni Januari na Februari, alfajiri kabla upepo wa kaskazi haujaanza kuyumbisha jiwe. Katikati ya Machi matuta yawe tayari. Penye mteremko mkali sana msilime muhogo kabisa, iacheni mikarafuu.

Maji ya bondeni yakipungua wekundu, kazi imeshika.

Mvua kubwa ya kwanza ikikatika na radi zikinyamaza, zungukeni na jembe siku hiyo hiyo mzibe palipopasuka.