Saa ya Kompyuta Ikikosea: Kagua Taima Kabla ya Kununua Betri

Steshenari nyingi za Mwanga, Kigoma, zinatumia kompyuta za mitumba, na usiku umeme huzimwa ukutani kabisa. Saa ikianza kukosea, wengi hukimbilia betri. Jiulize kwanza: saa inapotea mashine ikiwa imezimwa, au ikiwa inafanya kazi?

Ikipotea usiku, shida ni RTC, saa ndogo ya kwenye mazabodi. Chomoa betri ya CR2032 uipime kwa mita. Nzima hutoa volti 3. Ikishuka chini ya 2.7, badilisha. Mashine ikiachwa kwenye umeme, RTC hulishwa na pawa saplai. Ukizima ukutani kila jioni, betri ndiyo inabeba mzigo wote. Tarehe ikirudi nyuma miaka, tovuti za benki hugoma kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika. Mteja atakwambia intaneti ni mbovu.

Ikikosea kwa tofauti ya saa 3 kamili, betri haihusiki. Windows huandika saa ya hapa kwenye RTC, Linux huandika UTC (saa ya kimataifa), nasi tuko mbele ya UTC kwa saa 3. Kwenye mashine yenye mifumo yote miwili, andika upande wa Linux:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Ukikagua baadaye kwa timedatectl utakuta onyo. Linawahusu zaidi wenye nchi zinazobadili saa kwa majira, na Tanzania haibadili.

Ikikosea mashine ikiwa imewaka, sasa tuko kwenye draiva za taima, vihesabio ambavyo Linux hupimia muda. Andika:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Jibu huwa tsc, hpet au acpi_pm. TSC ni kihesabio kilicho ndani ya prosesa. Kukisoma ni haraka mno, ndiyo maana keneli (kiini cha Linux) hukitanguliza. Hizo nyingine ziko kwenye chipseti na husomwa polepole. acpi_pm huhesabu kwa 3.579545 MHz, na ikiwa ya biti 24 hurudi sifuri kila baada ya sekunde 4.7 hivi, kwa hiyo keneli lazima iisome kabla haijarudi.

Kwenye prosesa za zamani kama Core 2 Duo, TSC husimama prosesa ikilala. Keneli ikigundua hilo huhamia hpet yenyewe. Hakikisha hivi:

sudo dmesg | grep -i tsc
grep -o -m1 nonstop_tsc /proc/cpuinfo

Amri ya pili isipotoa kitu, TSC yako husimama, kwa hiyo iache hpet ifanye kazi. Tafadhali usiweke tsc=reliable kwenye mipangilio ya kuwashia Linux (buti), hata kama umeambiwa inaongeza kasi. Inamwondoa mlinzi anayelinganisha TSC na taima nyingine, na saa itapotoka bila onyo lolote. Ikiwa nonstop_tsc ipo lakini dmesg (kumbukumbu za keneli) bado inasema unstable, yaani TSC haiaminiki, sasisha BIOS, programu ya msingi ya mazabodi.

Kisha weka chrony, programu ya kurekebisha saa kupitia intaneti, inayovumilia intaneti ya kukatikakatika. Baada ya siku nzima endesha chronyc tracking, usome mstari wa Frequency. Hupimwa kwa ppm (sehemu kwa milioni): ppm 11.6 ni sekunde 1 kwa siku. Makumi machache ni kawaida ya kioo cha kwazi. Ikipita 100, rudi ukague taima.