Jinsi ya kujua Ramadhani inaanza lini, na kuzijua saa zako za kufunga

Kila Shaabani ikikaribia kuisha magrupu yote ya WhatsApp yanauliza kitu kimoja, kesho tunafunga au bado, na wengi wetu tunakaa tu kusubiri tuambiwe. Jamani haya mambo unaweza kuyafatilia mwenyewe, na ukiyafatilia unauingia mwezi ukiwa na hamu nao.

Anza kuhesabu toka Shaabani inapoandama, usingoje mpaka watu wavunje jungu. Mwezi wetu una siku 29 au 30 basi, kwahiyo tarehe 29 Shaabani jua likizama toka nje uangalie upande lilipozamia, sehemu isiyo na majumba wala miti. Mwezi mchanga ni mwembamba kama kipande cha ukucha na haukai juu muda mrefu, ukizubaa kidogo umeshazama. Ukionekana basi usiku huohuo ni Ramadhani, manake siku ya Kiislamu inaanza magharibi, ndo maana tarawehe inatangulia halafu funga inafata asubuhi yake. Kukiwa na mawingu au usipoonekana, Mtume (s.a.w) ameelekeza tukamilishe Shaabani siku 30, na hiyo ya 30 usiifunge eti kwa tahadhari, hiyo ni siku ya shaka.

Tangazo Kenya linatoka kwa Kadhi Mkuu, Tanzania Bara kwa Mufti wa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), na Zanzibar wana Mufti wao. Kuna wanaofata mwezi ukionekana popote duniani na kuna wanaotaka uonekane hapahapa, hii hitilafu ni ya wanazuoni wa zamani sana, mi nasema fata msikiti unaoswali nao na usigombane na ndugu yako.

Halafu usishangae tarehe kuhama, mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko huu wa kizungu, ndo maana mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba.

Sasa saa, na hapa ndo watu wanaharibu funga bila kujua. Qur'ani (2:187) inasema tule na tunywe mpaka weupe wa alfajiri ubainike, kisha tutimize funga mpaka usiku. Kwenye kalenda ya ukutani utakuta imsaki, halafu alfajiri dakika chache mbele, imsaki ni ya kukuandaa tu, mwisho wa daku ni alfajiri yenyewe. Na angalia kalenda ni ya mji gani!! Jua la Kigoma linazama karibu dakika 40 nyuma ya Dar, yaani mtu wa Kigoma akisikia adhana ya magharibi ya Dar redioni akatia tende mdomoni, kafungua mchana kweupe. Kisumu na Mombasa nako tofauti ni kama dakika 20. Kama unatumia apu hakikisha imesoma mji uliopo, ukisafiri ibadilishe. Nia nayo iwekwe usiku, kabla ya alfajiri, na sisi Mashafii (tunaofata madhehebu ya Imam Shafi) tunaiweka kila siku.

Mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula wakalipa baadae, hiyo ni rehema ya Mola wako usiione aibu, mwenye kisukari aongee na daktari mapema kabla mwezi haujaandama.

Kuhusu maana, aya ya 2:183 imeweka lengo wazi, tupate ucha Mungu. Mtume (s.a.w) katuambia asiyeacha maneno ya uongo, Allah hana haja na yeye kuacha chakula chake, kwahiyo umbea wa kusubiria futari nao ufungwe. Na huu ndo mwezi ulioteremshwa Qur'ani, chukua msahafu wa kurasa 20 kila juzuu, soma kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi, hiyo ni juzuu moja kwa siku, kwa siku 30 umekhitimu.

Kumi la mwisho zidisha, Lailatul Qadri, usiku wa cheo, itafute hasa kwenye mausiku ya witri, yaani 21, 23, 25, 27 na 29. Jioni ya 29 toka tena uangalie mwezi, na zakatul fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, mchele ni kama kilo 2 na nusu, imfikie maskini kabla ya sala ya Idi, baada ya hapo inahesabika sadaka ya kawaida tu.