Kupiga Deki Nyumbani na Mahali pa Kumwaga Maji Machafu

Anayepiga deki anapaswa kuyaangalia maji ya ndoo kwa makini kuliko anavyoiangalia sakafu, kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuhamisha uchafu: unatoka sakafuni, unashikwa na dekio au tambara, unashukia ndooni, kisha unapelekwa mahali ambapo hautamdhuru mtu. Maji yakishakuwa ya kijivu kiasi cha kutoona kitako cha ndoo, hayasafishi tena. Yanaupaka upya uchafu uliokwisha kuondolewa, nao ukikauka huacha michirizi na harufu ya uvundo.

Fagia kwanza, na ufagie vizuri, hata chini ya vitanda na nyuma ya milango. Vumbi likilowa huwa tope, nywele zikilowa hujiviringisha kwenye nyuzi za dekio, na chembe za mchanga zikiburutwa chini ya tambara hukwaruza vigae na mbao. Taka zote za ufagio ziende kwenye pipa la taka, maana kila kisichoingia kwenye ndoo sasa hakitakusumbua wakati wa kumwaga.

Andaa ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Chovya dekio kwenye sabuni, likamue hadi liache kutiririka, futa eneo dogo unaloweza kulifikia bila kunyoosha mgongo kupita kiasi, lisuuze kwenye ndoo ya pili na ulikamue humo humo, kisha ndipo ulirudishe kwenye sabuni. Kwa utaratibu huu uchafu hujilimbikiza kwenye ndoo ya kusuuzia, ambayo ndiyo ya kubadilishwa maji mara kwa mara, huku maji ya sabuni yakidumu kwa muda mrefu zaidi. Anza kwenye pembe iliyo mbali na mlango na urudi nyuma ukielekea mlangoni, usije ukajifungia ndani ya chumba kilicholowa. Jiko na choo viachwe mwisho, na choo kiwe na tambara lake ambalo haliingii vyumbani.

Kuhusu sabuni, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ingawa wengi huamini kwamba povu jingi ni dalili ya usafi. Sabuni ikizidi huacha utando unaonata kidogo chini ya nyayo, na utando huo hudaka vumbi jipya. Ndiyo sababu sakafu nyingine huchafuka upesi hata zikipigwa deki kila siku. Ukihisi hali hiyo, piga deki mara moja kwa maji matupu kabla ya kufikiria kubadilisha sabuni.

Vigae na saruji huvumilia maji, lakini mbao hazivumilii: hufyonza maji kwenye maungio, zikavimba na kupinda, kwa hiyo tambara lake liwe na unyevu tu na sakafu ikaushwe papo hapo. Marumaru nayo isiguswe na siki wala limau, kwa kuwa asidi hula mawe ya chokaa na kuacha mabaka yasiyong'aa.

Dawa ya klorini itumike baada ya sakafu kusafishwa, si kabla, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu kabla haijafikia vijidudu. Usiichanganye kamwe na siki, na dawa za choo zenye asidi wala na zenye amonia, kwani michanganyiko hiyo hutoa gesi zinazochoma macho na mapafu.

Maji machafu yanapaswa kumwagwa chooni. Choo kimejengwa kupokea uchafu, na maji yake huelekea kwenye bomba la maji taka au kwenye karo, yaani shimo la maji taka lililojengwa chini ya ardhi. Kabla ya kumwaga, iache ndoo itulie kwa dakika chache ili mchanga uzame, kisha mimina polepole, mdomo wa ndoo ukiwa karibu na bakuli la choo ili matone yasiruke. Tope linalobaki chini pamoja na nywele vikombwe kwa karatasi chakavu na kutupwa kwenye pipa. Kama maji yana klorini, hakikisha kwanza kwamba chooni hakujamwagwa dawa nyingine ya kusafishia. Hapa ndipo watu makini hujisahau, maana walioiepuka michanganyiko hiyo ndooni huikutanisha bakulini. Wenye karo waitumie klorini kwa kiasi, kwa kuwa bakteria wanaoozesha uchafu humo nao huuawa nayo.

Sinki la jikoni halifai hata kidogo. Humo huoshewa vyombo na mboga, na bomba lililopinda chini yake hunasa nywele na mchanga ambao, ukikutana na mafuta ya kupikia, huganda na kuziba njia. Mfereji wa maji ya mvua pia si mahali pake, kwani mara nyingi huishia mtoni au ziwani bila maji hayo kutibiwa. Kwenye ardhi unaweza kumwaga maji yenye sabuni kidogo tu, yasiyo na klorini wala dawa nyingine, ukiyatawanya kwenye udongo unaofyonza, mbali na kisima na mboga. Yakituama, hayo si makazi mazuri kwa jirani yeyote isipokuwa mbu.

Ndoo yenye maji isiachwe peke yake mahali penye mtoto mdogo, hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango, kwa sababu mtoto anayejifunza kutembea anaweza kutumbukia kichwa na kushindwa kujinasua, hata kama maji ni machache.

Baada ya kumwaga, suuza ndoo zote mbili na uziinamishe zikauke. Dekio lifuliwe kwa sabuni, likamuliwe na kutundikwa juani au penye upepo, nyuzi zikiwa chini, badala ya kuachwa ndani ya ndoo ambamo litavunda usiku kucha na kuipaka sakafu harufu hiyo kesho yake.