Kuendesha mradi wa programu, tangu simu ya kwanza ya mteja mpaka siku ya kukabidhi

Nina miaka tisa nasimamia hii miradi ya programu, mingi ni ya watu wa kawaida tu, shule, maduka ya dawa, SACCOS, na timu yangu haijawahi kuzidi watu watano. Kwa hiyo kama unatafuta mambo ya makampuni yenye meneja kila dawati hapa hutayapata. Nitatumia mfano wa mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya walimu, jina lao nabaki nalo, maana ule mradi ulinifunza kwa bakora.

Hatua ya 1: kakae na anayefanya kazi yenyewe

Anayekupigia simu ni mwenyekiti, anayesaini ni mwenyekiti, ila mikopo haijui. Tulimuuliza riba mnahesabuje akajibu "asilimia moja na nusu kwa mwezi, basi". Tukaandika hivo, tukajenga hivo. Mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, tukapiga 1.5% ya mkopo wote kila mwezi, 18,000 mara 12, riba ikawa 216,000, safi kabisa, skrini inapendeza. Siku ya kuwaonyesha mama mhasibu kakaa kimyaa, mwisho akafungua kaunta buku lake akaniambia "mwanangu, hapa unawaibia walimu". Kumbe wao riba inapigwa kwenye deni lililobaki, mwezi wa kwanza 18,000, wa pili mtu kesharudisha laki moja kwa hiyo 16,500, inashuka hivo hivo mpaka mwezi wa mwisho ni 1,500 tu. Ukijumlisha unapata 117,000. Elfu 99 za tofauti kwenye mkopo mmoja, na sisi tulishamaliza wiki tatu kwenye kipande hicho.

Siku hizi kabla sijaandika chochote naenda kukaa siku nzima pembeni ya mhasibu, au mtu wa stoo, au nesi, yeyote anayeshika kazi. Naondoka na nakala za makaratasi matatu, mkopo uliokwenda vizuri, uliochelewa, na ule wa mtu aliyelipa wote mapema katikati ya mwezi. Ziba majina kabla hujapiga picha, hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na data za wanachama sio za kubeba kwenye simu yako ovyo. Hayo makaratasi matatu ndo mtihani wa mfumo, namba zikitoka tofauti na za kwenye karatasi bado hujamaliza, hata kama skrini inang'aa.

Na usiondoke hujauliza "ni wapi huwa mnagombana?" Watu hawakwambii matatizo ukiwauliza matatizo, ila ugomvi watakusimulia mpaka chai ipoe.

Hatua ya 2: andikeni "imeisha" maana yake nini

Kurasa mbili, tatu zikizidi sana, Kiswahili cha kawaida. "Mfumo utakuwa na ripoti" usiandike, hiyo utaitengeneza mpaka uzeeke. Andika hivi: mhasibu anachagua mwezi, anabonyeza, anapata orodha ya wote waliochelewa zaidi ya siku 30, na anaweza kuishusha kwenye Excel. Mtu yeyote akisoma anajua ipo au haipo.

Halafu ukurasa wa mwisho weka kichwa "HAVIMO". Programu ya kwenye simu haimo. Hesabu za mishahara hazimo. Gharama za SMS hazimo, analipa mteja. Huu ukurasa umeniokoa kuliko mkataba wowote wa mwanasheria, maana mwezi wa tatu lazima mjumbe wa bodi atasema yeye alidhani na simu ipo.

Hatua ya 3: muda na hela

Developa (anayeandika programu) akikwambia "hiyo wiki moja" ujue bado hajaifikiria. Mwambie aivunje vipande, kila kipande kisizidi siku mbili, na hapo hapo utaona wiki imekuwa siku kumi na moja, tena yeye mwenyewe ndo anashangaa. Jumlisha vyote kisha ongeza theluthi nzima, kuna umeme, kuna malaria, kuna misiba, na kuna mteja anayekaa wiki mbili bila kukujibu. Kinachokutisha kifanye kwanza. Skrini za kuingilia na rangi kila mtu anaziweza, zisubiri.

Ukichelewa usikimbilie kuongeza watu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo wa kuendeshea kompyuta wa OS/360 pale IBM, kampuni ya kompyuta, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa unauchelewesha zaidi, mi nikaona hayo mambo ya wazungu wa zamani, nikaleta vijana wawili wiki ya nane. Yule pekee aliyekuwa anaujua mfumo akageuka mwalimu, asubuhi anaelekeza, mchana anarekebisha walichovuruga, kazi yake mwenyewe anaigusa usiku. Tulichelewa wiki tatu juu ya zile tulizokuwa tumechelewa. Kilichokuja kutuokoa ni kupunguza kazi, tulikaa na mteja tukakata vitu vinne vikahamia awamu ya pili.

Malipo mi nakata hivi: 30% kuanza, 30% namba za mikopo na marejesho zikikubaliana na yale makaratasi matatu, 30% siku wanaanza kuutumia, 10% mwezi mmoja baadaye. Andika wazi kama bei ina VAT ndani au haina, hiyo kodi ukiisahau inatoka kwenye faida yako, na uliza mapema kama watakukata kodi ya zuio.

Hatua ya 4: seva wiki ya kwanza

Fupi tu hii. Wiki ya kwanza weka ukurasa mtupu wenye sehemu ya kuingilia kwenye seva halisi (kompyuta ya mtandaoni ambako mfumo utakaa), kodi zote (za programu, sio za TRA) ziwe kwenye Git, inayotunza kila badiliko la kodi, na hakuna mtu kusukuma kitu tawi kuu, yaani nakala rasmi ya kodi, mpaka mwenzake ameisoma. Ukisubiri mwisho ndo uweke mfumo kwenye seva utagundua mambo siku mbaya kuliko zote.

Hatua ya 5: kila Ijumaa ya pili waonyeshe

Waonyeshe kitu kinachofanya kazi, picha za slaidi waachie wanasiasa. Na mausi ashike mhasibu, wewe kaa pembeni ufunge mdomo. Hapa ni pagumu, mkono unawasha kumwambia "hapo juu kulia mama", usiseme, akitafuta kitufe dakika mbili basi kitufe kimekaa vibaya, andika.

Kati ya Ijumaa na Ijumaa timu inaangalia ubao mmoja, Trello (ubao wa kadi wa mtandaoni) inatosha, hata ukuta na vikaratasi, safu tatu: bado, inafanywa, imekubalika. Mtu mmoja asishike kadi zaidi ya mbili. Asubuhi dakika kumi mmesimama, kila mtu anasema amekwama wapi, basi, rudini kazini.

Sasa adui mkubwa, grupu la WhatsApp. Mteja anatuma voisi ya dakika nne saa tano usiku, katikati yake kuna "halafu kile kitu kidogo tu, wadhamini wawe watatu badala ya wawili". Kitu kidogo tu! Kinagusa fomu, databezi (hifadhi ya data ya mfumo), ripoti, na mikopo yote ya zamani. Siku hizi sikatai wala sikubali grupuni, najibu "nimeipokea mwenyekiti, nakuletea maandishi", kesho yake namtumia aya moja: ombi ni hili, siku ni nne, bei hii, au tutoe kitu fulani kiingie hiki. Nusu ya maombi yanafia hapo yenyewe, hamna aliyegombana na mtu.

Hatua ya 6: kama kuna malipo ya simu

Taarifa ya malipo kutoka mtandao wa simu inaweza kuja mara mbili kwa muamala uleule, na inaweza isije kabisa. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye databezi ili ikirudi mara ya pili ikataliwe, la sivyo mwalimu kalipa elfu hamsini mfumo unampa laki, na huyo hatakupigia simu kulalamika. Kisha kila jioni linganisha jumla yako na taarifa ya miamala ya mtandao wenyewe.

Hatua ya 7: data za zamani

Hapa ndo miradi inalala. Utaletewa Excel yenye mtu mmoja kaandikwa Joseph, Josephu na Yosefu, namba za uanachama zinajirudia, na namba za simu zote zimepoteza sifuri ya mbele kwa sababu Excel ikiona 0754 inadhani ni hesabu. Sifuri unairudisha kwa mistari miwili ya programu. Ila kuamua kama Josephu na Yosefu ni mtu mmoja, hiyo sio kazi yako hata kidogo, toa orodha ya wenye utata, mpe mhasibu, wekeni tarehe, asaini. Omba hizo data wiki ya pili, ukiomba wiki ya kumi umekwisha.

Hatua ya 8: kuuwasha

Usiwashe Ijumaa, na usiwashe wiki ya mishahara. Mwezi wa kwanza wafanye kazi kotekote, kaunta buku na mfumo, mwisho wa mwezi mnakaa chini kulinganisha jumla ya mikopo, riba na akiba. Sisi tulipishana shilingi 1,500, tukaitafuta siku nzima, na kosa lilikuwa kwenye daftari. Mama mhasibu hakuongea chochote ila kuanzia hapo akawa ndo mtetezi wetu kwenye bodi.

Na bakapu, yaani nakala ya akiba ya data. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ukaiona inafanya kazi usiihesabu kama unayo. Irudishe kwenye kompyuta nyingine kabla ya kuwasha, angalia saa imetumia muda gani, iandike.

Hatua ya 9: kukabidhi

Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lao, seva walipie wao, paswedi ziwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa mwenyekiti, na mafunzo ya wengine atoe mhasibu wewe ukiwa umekaa nyuma. Miezi mitatu ya kwanza hitilafu unarekebisha bure. Hitilafu maana yake kitu kilichoandikwa kwenye zile kurasa mbili hakifanyi kilivyoandikwa, kingine chochote ni kazi mpya ina bei yake. Kisha waandike barua ya kupokea, yenye mhuri, na uidai siku hiyo hiyo wakati soda bado ziko mezani, mi niliwaachia "tutakutumia wiki ijayo" na ile 10% ya mwisho niliisubiri miezi minne.